Wiki Mbili za Torgny

Torgny Ahlroth alipima kina cha maji kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye mlango wa bandari yetu na njia zote za meli zinazoizunguka. Katika muda huo hakuna chombo kilichokwama mahali alipoandika kuwa panapitika. Ukimuuliza mwenyewe, huo ndio wasifu wake wote. Mimi nitaongeza kidogo kwa sababu ni jirani yake, na kwa sababu nilishiriki kosa ambalo yeye hajawahi kunilaumu kwalo.

Naitwa Rigmor. Niliolewa hapa kisiwani Tångskär miaka arobaini na mmoja iliyopita na mpaka leo naitwa mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe mimi nilipewa mapema sana, uenyeji ndio sijapewa. Mtu pekee aliyenipokea bila kunichunguza kwanza alikuwa Gunnel, mke wa Torgny. Tuliishi kama dada wa tumbo moja, ndiyo maana Torgny huniita shemeji hadi leo, ingawa yeye hajui afanye nini na cheo hicho.

Kila sikukuu ya katikati ya kiangazi kisiwa kizima huketi kwenye meza moja ndefu uwanjani, watu arobaini na ushei, na heringi ya mezani ilikuwa ya Gunnel. Samaki hao hulazwa ndani ya pipa la chumvi tangu vuli. Sikukuu ikikaribia hutolewa na kulowekwa kwenye maji baridi ili chumvi iwatoke, maji yanabadilishwa mara kadhaa, kisha wanaingia kwenye siki, sukari na vitunguu. Kazi yote iko kwenye kuloweka. Ukiwahi kuwatoa, wanachoma ulimi. Ukichelewa, unatafuna karatasi iliyonyeshewa. Gunnel hakutumia saa wala mizani. Alikata kipande akaonja, akampa mumewe naye aonje, kisha mwenyewe akasema "Bado" au "Basi". Hakuandika popote. Alipofariki, mwezi wa Machi, kwa moyo, bila hata kuugua, ujuzi ule ulibaki kwenye ulimi mmoja tu duniani, na ulimi huo ulikuwa wa Torgny.

Kiangazi kile Torgny aliandaa heringi peke yake, bila kuombwa. Nilipoweka kipande mdomoni nilihisi Gunnel amekaa ubavuni pangu. Nililia, nikasingizia vitunguu. Torgny hakulia. Alikaa mwisho wa meza akituangalia tunavyokula, mmoja baada ya mwingine, na bakuli lilipokwisha alilichukua akaenda kuliosha.

Vuli ya mwaka uleule mdomo ukamgeuka. Aliuma tofaa akaliona lina damu. Jino moja la chini mbele likawa linacheza akilisukuma kwa ulimi. Alikaa nalo miezi miwili bila kumwambia mtu, maana hapa kwetu hatupendi kumsumbua mtu aliye kazini, hata kama kazi yake ni kusumbuliwa. Wa kwanza kugundua alikuwa Holger, mwenyekiti wa chama cha kisiwa, ambaye anajua kila kitu kwa kusikia. Holger alimwambia kwamba ugonjwa wa fizi dawa yake ni kisu: wanaipasua fizi, wanaikunja kama shuka, kisha wanaishona. Alidhani anamtia moyo. Mimi ndiye niliyepiga simu kliniki ya bara na kumsindikiza, nikakaa kwenye kiti cha pembeni kama mama aliyeleta mtoto.

Mtaalamu wa fizi pale alikuwa Aune Kumpula, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kutoka kaskazini ya mbali. Watu wa huko wakitaka kusema ndiyo huvuta pumzi ndani kwa kishindo kidogo, na wakitaka kusema jambo lingine lolote hulisema tu. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akawa anakipenyeza kati ya fizi na jino, huku akimtajia msaidizi wake namba.

"Tatu. Tatu. Nne. Saba. Sita. Saba."

Torgny akainua mkono.

"Nakuumiza, mzee?"

"Hapana. Hizo saba, ni mita au futi?"

"Milimita."

"Hapo mashua inapita."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Hapo hapatakiwi kupita kitu."

Nilimwona Torgny akilegea kitini. Amepata mtu anayepima.

"Holger kaniambia mtanipasua," alisema.

"Huyo Holger ni daktari?"

"Mwenyekiti wa chama."

"Basi akakate utepe." Aune alivua glavu. "Sikiliza, mzee wangu. Kisu hatukigusi kabla ya kujaribu mengine, na mara nyingi hatukihitaji kabisa. Chini ya fizi zako kuna ukoga ulioganda kama jiwe. Nitakupiga sindano ya ganzi, niukwangue wote, robo ya mdomo kila ukija. Mara nne. Baada ya hapo kazi ni yako. Kila jioni unapitisha viburashi hivi katikati ya meno, kila pengo, kila siku, mpaka siku ya kuzikwa."

"Na vidonge? Holger anasema kuna vidonge vinavyoua vijidudu."

"Vipo. Ni vya wachache, ugonjwa ukiwa mkali na kukwangua kukishindwa. Ukimeza vidonge na uchafu umeuacha palepale, ni kupaka rangi mashua ambayo hujaikwangua tumbo."

Torgny alielewa hilo vizuri kuliko lolote alilowahi kuambiwa na daktari. Aune akampa pia chupa ya dawa ya kusukutua, kwa sababu fizi zingekuwa na kidonda na mswaki ungemtesa siku za mwanzo. "Asubuhi na usiku," alisema. "Wiki mbili." Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Wiki mbili.

Alikwanguliwa Januari yote. Alikuwa anarudi kwenye kivuko shavu moja limekufa ganzi, akinywa kahawa inayomtoka upande wa pili, bila kulalamika. Aprili Aune alimpima tena. Palipokuwa na saba palikuwa na nne. Damu hakuna. Jino la mbele limetulia. Aune akavuta pumzi ndani, kishindo chake kile cha ndiyo, na Torgny akaja nyumbani na karatasi ya namba akaibandika jikoni, kando ya ramani ya mlango wa bandari.

Kisha kikaja kiangazi, na heringi.

Kipande cha kwanza kilinichoma ulimi. Ile haikuwa chumvi ya chakula, ilikuwa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Nilimtazama Holger mbele yangu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alimeza, akapumua, akasema, "Tamu." Mkewe akasema, "Tamu sana." Neno hilo likasafiri meza nzima mpaka mwisho alipoketi Torgny, naye akaniuliza mimi kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua Gunnel:

"Shemeji, ni kama yake?"

"Ni yake kabisa," nilisema, nikaongeza kipande. Nilikula sita siku ile. Usiku nilikunywa maji kama ng'ombe.

Msielewe vibaya, hatukuwa tunamcheka. Kwetu sisi chakula cha mtu hakisemwi mbele yake, na chakula cha mjane hakisemwi hata nyuma yake. Krismasi alipeleka chupa moja ya heringi kila nyumba. Ya kwangu niliwamwagia shakwe. Shakwe mmoja alidaka kipande, akaruka nacho mpaka majini, akakisuuza kwanza.

Mwezi wa Mei kamati ya chama ikakaa. Holger alisema mwaka huu tununue heringi ya dukani, na Torgny aambiwe kwa upole kwamba tunataka kumpunguzia kazi.

"Nani atamwambia?" niliuliza.

"Wewe ni shemeji yake."

"Na wewe ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana nakutuma," alisema Holger.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilimkuta anasafisha boti, tukazungumza habari za boti. Mara ya pili mvua ilinyesha, tukazungumza habari za mvua. Mara ya tatu nilimkuta bandani ameinama juu ya pipa, amefungua kifuniko, ananusa. Aliongea bila kugeuka.

"Nikionja najisikia kama bado amesimama hapo mlangoni, anangoja kuniambia basi."

Niambieni, ningesema nini? Nilirudi nyumbani na ujumbe wa kamati mdomoni kama kokwa. Niliamua aandae mwaka huu mmoja wa mwisho, nimwambie baada ya sikukuu. Kila siku nilijichukia kidogo.

Wiki ya sikukuu Aune Kumpula alikuwa amepanga kibanda cha binamu wa mume wangu, upande wa magharibi wa kisiwa. Alikuja uwanjani kama wageni wote, na sahani yake na kiti chake cha kukunja, akakaa kati yangu na Torgny. Mlingoti wa maua wa sikukuu ulikuwa umeshasimamishwa, watoto wameshachoka kuuzunguka. Viazi vichanga vikapita, krimu chachu ikapita, bakuli likapita. Aune alichukua kipande cha heringi. Alitafuna mara mbili, akaweka uma chini.

"Nani kaandaa hii?"

Watu arobaini wakavitazama viazi vyao.

"Mimi," alisema Torgny, akainua mkono kama siku ile kitini.

"Hii hailiki, mzee."

Holger akaanza kuimba wimbo wa kunywea. Hakuna aliyemwitikia. Aliimba beti zote tatu peke yake, akakaa.

"Mbona wote wanakula?" alisema Torgny. Hakukasirika. Alikuwa anauliza.

"Wanakula kwa adabu. Hebu angalia majagi ya maji."

Torgny akayaangalia. Yalikuwa saba na yote yalikuwa matupu, na ilikuwa bado hatujafika kwenye jordgubbar, yaani stroberi za kufungia chakula. Alichukua kipande cha heringi akakitafuna taratibu, amefumba macho, kama ninavyomkumbuka akifanya kando ya Gunnel.

"Mimi sioni chumvi," alisema. "Naona siki. Naona kitunguu. Chumvi sioni."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Mwaka na zaidi. Hata kahawa si ile. Nilidhani ni msiba."

Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kutaja namba. Mimi nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Aune alikuwa ameegemea mbele. "Mzee Torgny. Ile dawa ya kusukutua. Uliiacha lini?"

"Sijaiacha."

"Unasemaje?"

"Asubuhi na usiku. Sijakosa hata siku moja." Alijinyoosha kidogo aliposema hivyo.

"Nilikwambia wiki mbili!"

"Wiki mbili ziliisha Jumamosi. Mlikuwa mmefunga. Na chupa ilikuwa bado ina dawa. Halafu Aprili ukanipima ukasema safi. Mtu haondoi boya kwa sababu meli hazijakwama, binti. Nikanunua nyingine."

"Miezi kumi na saba?"

"Kumi na saba na siku nane."

"Haiwezekani. Dawa ile inaacha madoa ya kahawia kwenye meno. Ningeyaona. Nimekuona mara nne tangu nilipomaliza kukukwangua!"

Torgny akaangalia kitambaa cha meza. "Nayasugua," alisema. "Kila unaponipa miadi, jana yake. Kwa soda ya kuokea na mswaki wa zamani. Siwezi kuja kwako na meno machafu. Wewe ni mtu wa kazi."

Hakuna aliyecheka, na nitawaambia kwa nini. Hapa kisiwani hakuna nyumba isiyofagiliwa kabla ya mfagiaji kufika. Mimi mwenyewe huosha madirisha kabla ya mwosha madirisha. Kila mtu pale mezani alijiona na mswaki wa zamani mkononi.

Aune ndiye aliyekuwa na kigugumizi sasa. Alivuta pumzi ndani, lakini si kwa kusema ndiyo.

"Dawa ile ni mgeni," alisema mwishowe, taratibu. "Unampokea wiki mbili, unamshukuru, unamfungulia mlango. Akikaa zaidi anakaa kwenye ulimi, na kitu cha kwanza anachokuibia ni chumvi. Fizi zako ni nzuri, mzee. Lakini waliozitengeneza ni mimi na chuma changu, na wewe na viburashi vyako. Iache leo. Ulimi utarudi."

"Utarudi wote?"

"Wote. Nipe wiki mbili." Akasita. "Wiki mbili za kweli."

Torgny alisimama, akachukua bakuli lake likiwa bado limejaa zaidi ya nusu, akatembea nalo kwenda nyumbani kwake. Sikumfuata. Hatumfuati mtu anayetaka kuwa peke yake; huo ni ujinga wetu mwingine. Nilimwambia Aune, "Umemuaibisha." Akanijibu, "Nyinyi mmemwacha mwaka mzima akidhani anawalisha watu chakula cha mke wake."

Siku zikapita. Niliona moshi wa dohani ya nyumba yake, nikaona boti yake inatoka na kurudi. Siku ya kumi na sita, saa tatu asubuhi, aligonga mlango wangu. Alikuwa amebeba mfuko begani na mabakuli mawili, moja juu ya jingine. Aliyaweka kwenye meza yangu ya jikoni akaketi.

Bakuli la kwanza nililitambua. Lilikuwa la sikukuu.

"Nimeonja hii leo," alisema. "Nimetema kwenye sinki. Shemeji, ulikula vipande vingapi?"

"Sita."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana ndiyo sita. Mwaka huu viwili, kabla Aune hajasema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unatuangalia," nilisema, na nilipoanza sikuweza kujizuia. "Kuna jingine. Kamati iliamua tununue za dukani. Nilitumwa nikuambie tangu Mei. Nimekuja mara tatu nikakuzungumzia mvua."

"Najua. Holger alimwambia kila mtu kisiwani isipokuwa mimi. Kwa hiyo nilijua."

Alisogeza bakuli la pili mbele yangu. Heringi ilikuwa mpya, imetolewa pipani wiki ile, vitunguu bado vyeupe.

"Onja. Na safari hii usinionee huruma."

Nilionja. Nilitafuna polepole ili nipate muda. Ilikuwa laini, siki yake imekaa, utamu umekaa, na Gunnel alikuwa ameketi tena ubavuni pangu, lakini nilikuwa nimeulizwa swali na nilitaka kulijibu.

"Imezidi chumvi," nilisema. "Kidogo tu. Lakini imezidi." Miaka arobaini na mmoja kisiwani, na ndiyo mara yangu ya kwanza kusema hivyo mbele ya chakula cha mtu. Masikio yalinipata moto.

Torgny akaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi naona hivyo. Ilitaka saa moja zaidi kwenye maji. Ila yeye alikuwa anasema basi hapohapo."

"Gunnel? Gunnel alizidisha chumvi?"

"Kila mwaka. Kidogo tu."

"Na hukumwambia?"

"Miaka thelathini na minne."

Nikazikumbuka meza zile zote, miaka ile yote, na kiu tuliyokuwa tunarudi nayo nyumbani na kusema ni jua. Nikalia, na safari hii sikusingizia vitunguu. Torgny aliniacha nimalize. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa chupa kubwa ya maji na bilauri mbili, akamimina, akachukua uma, nasi tukaendelea kula.